Mkono Uliotoka Kwenye Maji Moto

Kabla hujamgusa mgonjwa paji la uso, jiulize mkono wako umetoka wapi. Hilo ndilo somo langu la kwanza kwenu, wajukuu zangu mnaosomea uuguzi, na kama mna haraka mnaweza kuishia hapo mkaenda zenu kunywa chai. Wasio na haraka wakae. Mie nimeshastaafu, naishi Jadida, sina ninalolikimbilia isipokuwa sala, na msikiti uko mlango wa tatu.

Mjukuu wangu Rukia ndiye aliyeniomba niwaandikie habari za ubongo kuvimba kwa sababu ya virusi. Aliniomba kwa adabu, akasema, "Babu, weye ugonjwa huu umeuona kwa macho yako." Kweli nimeuona. Ulikaa mbele yangu kwenye kiti, ukanitukana, nikaurudisha kwao. Ndiyo maana naandika.

Nilianza kazi miaka ya mwisho ya hamsini, katika dispensari moja ya shamba hapa Pemba ambayo siitaji jina, kwa sababu wajukuu wa watu niliowatibu vibaya bado wapo na wengine ni jirani zangu. Nilikuwa dresa. Dresa ni mfunga vidonda, mchemsha sindano, mfagiaji, mwita majina, na asubuhi mwosha choo. Shule niliishia darasa la sita, lakini ndoto zangu zilikuwa zimeshafika Ulaya na kurudi. Nilitaka kuitwa dokta. Nilikuwa na saini yangu ya udaktari tayari, nikiitia mchangani kwa kijiti kila nilipokwenda kuchota maji, ndefu, na mkia mwishoni kama wa samaki taa.

Kipimo cha kusikilizia kifua kilikuwa kimoja tu, cha mkuu wangu Mzee Shaame, na hakikutoka shingoni mwake. Basi mie nilichukua mpira wa kuoshea tumbo, ule unaoingizwa kwa nyuma kwa mtu asiyepata choo, nikauzungusha shingoni. Kwa mbali ulipendeza.

Mzee Shaame akanitazama juu ya miwani. "Faki, mpira huo unajua kazi yake?"

"Naijua, Mzee."

"Basi uvae kwa adabu."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mchanganya dawa, mtu mwembamba, mkali kwa chupa na mpole kwa watu. Dawa zetu hazikuwa nyingi. Aliyelalamika kuanzia kitovuni kushuka alipata chumvi ya haluli. Aliyelalamika kuanzia kitovuni kupanda alipata kwinini. Aliyelalamika kote alipata vyote viwili, na wiki ya pili hakuja tena, ama kwa kupona ama kwa hofu. Mnacheka, na mie nacheka, lakini Mzee Shaame alijua mipaka ya chupa zake. Alikuwa akiniambia, "Dawa ninazo sita, maradhi yapo mia. Kazi yetu kubwa ni kujua nani wa kumpeleka spitali kubwa ya Wete, na kumpeleka mapema."

Sasa nije kwa Omari.

Omari bin Khamis wa Mgogoni alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akimsaidia maalim wa chuo kusomesha watoto Kurani. Upole wake ulikuwa maarufu. Huyu ni mtu akikanyagwa na punda humwomba radhi punda. Hakuna mtoto aliyewahi kuchapwa naye. Fimbo aliishika kwa ajili ya kuonyeshea herufi. Mie nilimpenda, maana alikuwa mtu pekee wa rika langu aliyekuwa akiniamkia "Dokta Faki" bila ya kucheka.

Siku aliyoletwa, Mzee Shaame alikuwa amekwenda Wete kufuata dawa, na safari hizo humchukua siku mbili tatu. Nikabaki mie na ukubwa wangu. Ilikuwa siku ya sindano za buba na vidonda, watu wamejaa mpaka uani. Sindano za wakati ule hazikutupwa. Tulizichemsha, tukazitumia tena. Nilikuwa nazitoa sufuriani kwa koleo, na koleo likiniteleza nazitoa kwa vidole, nikijionyesha kuwa sijali moto. Kipima joto hatukuwa nacho. Kilikuwepo kimoja, na wiki iliyopita mtu mmoja alikikung'uta kwa madaha kama alivyomwona daktari mzungu akifanya, kikagonga ukingo wa meza kikavunjika. Mtu huyo nilikuwa mie.

Basi wakaingia wazee wake, Mzee Khamis na Bi Saada, wamemshika Omari huku na huku. Kofia imekaa upande. Macho anayakunja kwa mwanga. Na mataya yake yote mawili, chini ya masikio, yalikuwa yamepakwa masizi ya chungu, yaliyokwisha kuanza kufifia.

"Ana nini?" nikauliza.

"Kichwa," alisema Mzee Khamis. "Siku mbili kichwa. Na maneno yake si yake. Jana kamwita mama yake kwa jina la mbuzi."

"Mbuzi gani?" nikauliza, kana kwamba hilo lingenisaidia.

Nikatoa mkono kwenye maji moto, nikaufuta kwenye suruali, nikauweka kwenye paji la uso la Omari. Kwa mkono ule hata jiwe la jikoni ningeliona la baridi. Nikatangaza, "Hana homa."

Nilipomwinamia kumtazama macho, mpira wangu ukamgusa pua. Omari akaufuata kwa macho kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayesomesha chuo, ili kila mtoto asikie:

"Huyu fagio la choo la serikali. Kavaa mpira wa mavi shingoni anajiita dokta."

Uani kulicheka mpaka wenye vidonda. Bibi mmoja ilibidi ashikwe asianguke kwenye benchi. Lingekuwa tusi la uongo ningelivumilia. Lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimeosha choo, na fagio lilikuwa nyuma ya mlango, wote wanaliona.

Nikasimama wima. Nikatazama yale masizi ya mataya mawili, nikajiambia, alaa, kumbe wameshampeleka kwa waganga, wakampaka, halafu wanakuja kunichezea mie. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka hugeuka upande wa pili wa kitanda:

"Huyu si mgonjwa wa spitali. Huyu ana sheitani. Mpelekeni kwa wenyewe."

Bi Saada akaanza kulia. Mzee Khamis akanishukuru. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alinishika mkono akanishukuru, kwa sababu mtu wa serikali amemwambia ukweli bila ya kumzungusha. Wakampeleka nyumbani, wakamwita Bi Riziki, fundi wa pepo.

Siku ya tatu akarudi Mzee Shaame na makasha yake ya dawa. Kawaida yake, kabla ya kukaa, aliuliza nani na nani wamekuja. Nilipofika kwa Omari nilisimulia kwa kuigiza, nikitegemea tucheke sote. Hakucheka.

"Mataya yalikuwa na masizi?"

"Ndiyo. Ya pepo."

"Faki, pepo anapakwa masizi wapi?"

Nikafikiri. Pepo hufukizwa, hupigiwa ngoma, huvishwa vilemba. Masizi sikuyakumbuka. Lililokumbuka ni shavu langu lenyewe, maana nilipokuwa mdogo bibi yangu alinipaka masizi mahali pale pale, akanikataza kutoka nje mpaka uvimbe ushuke.

"Matubwitubwi," nikasema.

Hapo fahamuni, vijana. Kwetu matubwitubwi ni ugonjwa wa watoto. Masharubu yakishaota, kuvimba mashavu ni aibu kubwa kuliko kuvunjika mguu. Omari aliambukizwa na wale watoto wake wa chuo, mama yake akampaka masizi kama inavyofanywa tangu zamani, akamficha ndani, akatangaza mwanawe anaumwa jino. Uvimbe ukashuka. Masizi yakabaki, maana hayaoshwi mpaka yaondoke wenyewe. Halafu kichwa kikaanza, na wote tukasahau kilichotangulia. Yule mama aliificha alama kwa aibu. Mie niliiona kwa macho yangu nikaisoma kinyume kwa kiburi.

Mzee Shaame alikuwa na kifuu cha nazi mezani, anachotilia vifungo na sindano za kushonea. Akakimwaga, akakiinua.

"Shavu likivimba lina pa kwendea. Hutanuka nje, mtu akafanana na chura, basi. Ubongo umo humu. Ukivimba hauna pa kwendea, hujikandamiza wenyewe. Ikikandamizwa sehemu ya adabu, mtu mpole hutukana. Ikikandamizwa ya usingizi, hulala asiamshike. Yakija mambo ya degedege na kupumua, tunaitana makaburini."

"Na kinachouvimbisha?"

"Kidudu kile kile cha mashavu. Wenyewe wanakiita virusi. Mara nyingi huishia mashavuni kikaondoka. Mara chache hupanda."

Mie, na darasa langu la sita, nikataka kushindana. Vijidudu vya malaria nilikwishaonyeshwa Wete kwenye darubini, vinaonekana. Nikamwuliza hiki kinafananaje, akaniambia hata darubini ya Wete haikioni.

"Sasa kama hakionekani, Mzee, tumejuaje kama kipo?"

"Pepo je, ulimwona?" akasema. "Na juzi umemtolea cheti."

Akafunga makasha yake ya dawa bila ya kuyapanga, akaniambia: "Wewe ndiye uliyemrudisha. Wewe ndiye utakayemtoa. Mie nakwenda barabarani kuzuia gari, na gari la karafuu halitaningoja mpaka jioni. Kama yu hai, mlete."

Nilikwenda Mgogoni mbio. Mpira niliuacha msumarini.

Kwa Mzee Khamis nilikuta wanaume wamekaa barazani wanasoma dua, na ndani harufu ya ubani. Nikamwambia Mzee Khamis, kwa sauti ya chini, kwamba Omari lazima aende Wete sasa hivi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto wa chuo aliyesahau sura ya Kurani.

"Mwanangu Faki, weye mwenyewe ulisema. Mbele ya watu. Mwanangu nimempeleka kwa wenyewe, na wenyewe wamesema asivuke barabara mpaka siku saba. Leo ya tatu."

"Sikuwa na hakika, ami."

"Ulikuwa na hakika sana," akasema mmoja barazani. "Mie nilikuwepo, nina kidonda."

Mtu asidhani kwamba wale walikuwa wajinga. Walikuwa wamefuata ushauri wa spitali. Ushauri wenyewe ndio uliokuwa mbovu, na ulitoka kinywani mwangu.

Nikaomba kuonana na Bi Riziki. Alikuwa uani anaosha mikono, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, na alinijua.

"Serikali imekuja kwangu," akasema. "Haya, ikae. Kigoda hicho."

Nikakaa. Nikamweleza yote, masizi, mashavu, kifuu. Nilitegemea anifukuze. Badala yake aliendelea kukausha vidole, kimoja kimoja.

"Nikwambie kitu, mwanangu, na usiende kukisema spitali. Mie pepo nawajua. Pepo akipanda hudai. Huyu anataka kilemba, huyu anataka mbuzi mwekundu, huyu anataka marashi ya Maka na pete. Wana tamaa kuliko wanadamu. Siku tatu namwuliza huyu wa kwako, wewe nani, hasemi. Unataka nini, hasemi. Asubuhi ya leo kakakamaa mwili mzima, povu limemtoka, halafu kalala. Bado kalala. Pepo asiyetaka kitu sijapata kumwona mie tangu nizaliwe."

"Kwa nini basi hukusema?"

"Niseme nini? Serikali imeshasema ni sheitani. Mie nani nibishane na serikali?"

Vijana wangu, hapo nilijiona mdogo kuliko hicho kirusi.

"Nitawaambia siku saba nimezifuta," akasema. "Lakini sharti weye utangulie. Uliyasema mbele ya watu, na kuyafuta iwe mbele ya watu. Sitaki kesho akifa njiani iwe mimi ndiye niliyemtoa."

Nikatoka uani, nikaenda barazani. Watu walikuwa kama kumi na tano, na nusu yao walikuwepo siku ile ya fagio. Nikasema, "Nilikosea. Nilisema Omari hana homa, na mkono wangu ulikuwa umetoka kwenye maji moto. Nilisema ana sheitani, kwa sababu alinitukana nikaona haya. Sikujua kitu."

Yule wa kidonda akasema, "Na leo mkono umetoka wapi?" wakacheka wote, hata waliokuwa na Kurani mapajani.

"Msiutumie wangu," nikasema. "Chukueni maji ya mtungini, mnawe, mmguse nyinyi."

Sijui wazo lile lilitoka wapi. Ndilo wazo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo katika kazi. Waliingia mmoja mmoja, mikono mibichi kwa maji, wakamgusa Omari paji la uso, na kila aliyetoka alitoka bila ya kicheko. Mzee Khamis aliingia mwisho. Akaweka mkono. Hakuuondoa upesi. Halafu akaniambia, "Kitanda hiki kipo. Tafuta wa kubeba."

Wa kubeba tulikuwa wanne, na barabara ilikuwa mbali, vilima juu na chini kama ilivyo Pemba yetu, na jua la asubuhi limeshakuwa kali. Mwanga ulikuwa ukimtesa macho, hata usingizini anayakunja. Mie kwa werevu wangu nikakata fito, nikazipinda upinde juu ya kitanda, nikatandika kanga za Bi Saada juu yake, kikawa kivuli kizuri. Tukainua. Bi Saada tukamwambia atufuate nyuma taratibu na kapu lake.

Hatujapita mashamba mawili nikaona watu wanateremka mikarafuuni. Ulikuwa msimu, kila mti una mtu. Wanateremka, wanavua vikapu vyao vya karafuu, wanatupokea kitanda mabegani, wanasema shahada. Ndipo nilipogeuka nikakitazama kitu nilichokitengeneza. Kitanda, fito zilizopindwa, kanga juu, wanaume mbele na nyuma, mwanamke yuko mbali. Nilikuwa nimetengeneza jeneza la mwanamke, kamili, maana kwetu la mwanamke ndilo hupindiwa fito na kufunikwa nguo juu.

Mnajua desturi. Jeneza likipita, mwanamume huacha alilokuwa nalo akalibeba hata hatua saba, apate thawabu. Na jeneza haliendi pole, huenda mbio. Mwaka ule siasa ilikuwa imewaingia watu kiasi kwamba wa chama hiki hanunui duka la wa chama kile, na kuzikana kwenyewe kulikuwa kwa nongwa. Lakini jeneza la mtu usiyemjua halina chama. Kufika bonde la pili tulikuwa watu arubaini, kitanda kinaruka kutoka bega hadi bega, mie mwenyewe nimeshasukumwa nje.

Mzee mmoja akanikimbilia pembeni. "Nani kafariki, yakhe?"

Ningeweza kusema ukweli. Nikasema, "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye." Na kwa kweli ndiye aliyekuwa akijua.

Safari ya saa mbili tuliifanya chini ya saa moja. Karibu na barabara, kwenye mteremko, kitanda kikayumba, na kutoka chini ya zile kanga ikatoka sauti nzito ya kiume, imejaa usingizi:

"Polepole, mbwa nyie. Kichwa changu."

Shahada ikakatika katikati. Sita wa mbele waliachia, wawili wakaingia migombani na sikuwaona tena. Kitanda kingekwenda chini lau si Mzee Khamis na mie kujitupa chini yake kwa mabega.

"Maiti katukana," alisema mmoja.

"Na ni mwanamume," alisema mwingine, na hilo likaonekana kuwashangaza zaidi.

"Yu hai," nikasema. "Ni mgonjwa. Anapelekwa Wete."

Yule mzee akanikaribia. "Mie nimeacha mkarafuu wangu nusu kwa ajili ya thawabu."

"Thawabu zipo, babu. Beba."

Akafikiri. Akainama, akaweka bega. Na wengine wakarudi.

Mzee Shaame alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza, mbele ya lori la karafuu lenye dereva anayelaani. Tukampandisha Omari juu ya magunia, Bi Saada akatufikia, tukapanda sote pamoja na Mzee Shaame.

Sasa sikilizeni yaliyokuwa Wete, maana hapo ndipo nilipofahamu ugonjwa wenyewe. Daktari alimlaza ubavu, akampinda kama kamba anavyojipinda, akamchoma sindano kiunoni baina ya mifupa. Watu waliiogopa sindano ile kuliko kaburi. Akatoa maji kidogo ya uti wa mgongo, akayainua kwenye mwanga. Yalikuwa safi kama maji ya dafu. Yangekuwa ya ukungu, alisema, ingekuwa ile homa ya uti wa mgongo inayotaka penisilini upesi. Damu nayo ilitazamwa, malaria hakuna. Akamgeukia Mzee Shaame, akasema ni ubongo umevimba, virusi vya mashavu.

"Na dawa yake?" nikauliza, mdomo wazi.

"Hatuna."

Nilitaka kukaa chini. Nimevuliwa nguo barazani, nimedanganya waumini arubaini, nimelala chini ya kitanda, ili niambiwe hakuna dawa. "Tumemleta kufanya nini basi?"

"Kumtunza asife wakati ubongo unajipoza wenyewe," alisema daktari. "Una shughuli leo?"

Nikabaki siku tisa. Hizo ndizo zilizonifanya muuguzi, si saini ya mchangani. Kumgeuza huku na huku asioze mgongo. Kumweka kichwa juu kidogo, ubavu, ili degedege likija asipaliwe na mate. Vitambaa vya maji. Uji mwepesi kwa mpira wa puani. Chumba chenye giza, na kumwomba muuza samaki asipige kelele dirishani. Dawa ya kutuliza degedege kila wakati wake. Kuhesabu pumzi zake. Kazi ambayo kwa mbali inafanana na kutofanya kitu, na ukiiacha mtu anakufa.

Bi Saada alikaa chini pembeni, hakuniuliza hata siku moja kama mwanawe atapona. Aliniuliza nimekula.

Siku ya tisa asubuhi, mama mmoja mfagiaji alikuwa akipitisha fagio chini ya kitanda. Omari akafumbua macho. Akamtazama yule mama, akatazama fagio, mie nikafumba yangu nikingoja tusi.

"Shikamoo, bi mkubwa," akasema. "Samahani, nimekuzuia."

Bi Saada akaweka uso kwenye kanga. Mie nilitoka nje nikajifanya natafuta ndoo.

Siku hizi nyinyi mna mashine zinazopiga ubongo picha, mna chanjo za surua, na katika nchi nyingine za hayo matubwitubwi pia. Mna dawa ya ule uvimbe wa ubongo unaoletwa na kirusi cha malengelenge, na Rukia ananiambia dawa hiyo haingoji, huanzishwa hata kabla ya majibu. Mshukuruni Mungu. Lakini mlango ni ule ule. Ataletwa mtu ana homa na kichwa, na watu wake watasema, maneno yake si yake. Mpole katukana, mcheshi kanyamaza, msomi kasahau jina la mama. Msiitazame tabia mkachukia. Mtu akigeuka ghafla, ulizeni alikuwa akiumwa nini wiki mbili nyuma, hata kama wanaona haya kukitaja. Na mkiona alama msiyoijua, msijibu wenyewe, ulizeni aliyeipaka.

Udaktari sikuupata. Jina nililipata: mpaka leo Mgogoni naitwa Dokta Sheitani, na watoto wengine wanadhani ndilo la ukoo. Bi Riziki, Mungu amrehemu, alikuwa akiniletea wagonjwa asiowaelewa mpaka alipofariki. Aliwaambia, "Huyu wangu hadai kitu, mpelekeni kwa Sheitani."

Omari yu hai. Mzee kama mie, ana wajukuu, na chuo chake mwenyewe. Ugonjwa ulimchukulia sikio la kushoto, halisikii kitu, hata mzinga. Kila Idi huja Jadida kunitazama, na mie hukaa kuliani kwake ili tuzungumze. Yale maneno ya siku ile hayakumbuki kabisa, na watu walimficha kwa kumpenda. Idi hii iliyopita, baada ya chai, akaniuliza.

"Faki, miaka yote hii watu wakikuona wananitazama mie wanacheka. Hivi siku ile nilikwambia nini?"

Nikaondoka kwenye kiti changu. Nikazunguka, nikakaa kushoto kwake, nikamsogelea sikioni. Nikamwambia yote, neno kwa neno, fagio na mpira, nikamwambia pia kwamba alisema kweli, na kwamba nilimwacha siku tatu bila ya matunzo kwa sababu ya ukweli huo, na anisamehe.

Akangoja nimalize. Halafu akanigeuzia sikio la kulia.

"Umesema nini?"

"Nimesema uliniita dokta," nikamjibu.

"Alhamdulillahi," akasema Omari. "Nilikuwa na wasiwasi."